Sadini ya kopo bapa na sadini ya kopo la duara: kwa nini nyama yake haifanani?

#1 DukaLaKona
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la rejareja Mbagala, huu ni mwaka wa tisa. Kuna swali wateja wananiuliza kila wiki na sina jibu la kuwapa.

Kopo bapa la gramu 125, la mafuta, lililoandikwa limetoka Moroko: ukivuta kile kipete unakuta samaki wanne au watano wamelala wamebanana, mgongo wa buluu, tumbo linang'aa kama bati jipya. Ukichota kwa uma, nyama inatoka kipande kizima. Kopo dogo la duara la gramu 155, la mchuzi wa nyanya, mengi ninayopata mimi yametoka Thailand na China: nyama laini mno, ukigusa inasambaratika, na harufu yake ni nyingine kabisa. Yote mawili wateja wanaita sadini, na hata karatasi ya bei ya jumla inaandika sadini.

Je, ni samaki mmoja amepikwa namna mbili? Au tunauziwa samaki wawili kwa jina moja? La duara ndilo linalotoka sana kwa sababu ya bei, lakini wanangu nyumbani hawaligusi. Anayejua aniambie.

#2 Shamsa_wa_Tanga
Nimekaa mkao wa kula. La bapa, mkate wa moto, ndimu na pilipili mbichi, basi, siku imeisha vizuri.

#3 PimaUbora
Mkuu, hao si samaki mmoja. Geuza kopo usome maandishi madogo ya nyuma. Kwenye la Moroko utakuta Sardina pilchardus. Kwenye la Thailand mara nyingi ni jamii ya Sardinella, ndugu kabisa wa dagaa papa wanaovuliwa hapa kwetu pwani. Na usishangae ukikuta kopo la duara lina makareli, yaani ukoo wa vibua, ambao si sadini kwa hesabu yoyote ile. Limeandikwa makareli waziwazi, ila mteja akifika dirishani anasema "nipe sadini", na wewe unampa.

Sadini wa kweli ni yule wa kwanza peke yake. Waliobaki wamepewa jina tu.

#4 Dereva_Tunduma
Heshima kwenu. Napeleka mzigo Lubumbashi, kwa hiyo chakula changu cha njiani ni makopo. Ukivuka Tunduma, Zambia nzima mpaka Kasumbalesa, kopo la dukani ni lile refu la gramu 400 la Lucky Star, samaki wa Afrika Kusini, mchuzi wa nyanya. Yule samaki ni mnene kama kidole gumba cha baba yangu, na hasambaratiki. Nampasha kwenye sufuria na kitunguu pembeni ya lori, namgeuza mara mbili, bado ni mzima.

Kwa hiyo kama kuna mtu anakuja hapa kusema nyanya ndiyo inayolainisha nyama, aanze kwa kunieleza kopo refu.

#5 MamaLishe_Sinza
Ndiyo nilikuwa nakuja kusema hivyohivyo kaka Dereva, na nitasema! Nyanya ina ukali. Ukiloweka nyama yoyote kwenye kitu kikali inalainika, ndiyo maana tunatia ndimu kwenye mishikaki. Sasa samaki amekaa kwenye nyanya miaka miwili ndani ya kopo, kwenye ghala la joto la Dar, unategemea nini? Yule wa mafuta hakuna kinachomla. Na huyo samaki wako wa kopo refu ni mnene, ndiyo maana amevumilia.

#6 KalamuNyekundu
PimaUbora #3, mwanzo uko sawa, mwisho umeteleza. Kuna kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha sadini za kopo tangu 1981, na kina orodha ya samaki zaidi ya 20 wanaoruhusiwa. Jina "sadini" likisimama peke yake ni la Sardina pilchardus. Wengine nao ni sadini kihalali, mradi waongezewe jina la nchi, la eneo au la aina ya samaki.

Jambo hili liliwahi kufika hadi Shirika la Biashara Duniani. Umoja wa Ulaya ulikuwa na kanuni ya 1989 inayosema jina ni la samaki wao tu. Peru, ambao wanavua Sardinops kwenye Pasifiki, wakashtaki. Mwaka 2002 Peru wakashinda, rufaa ikakatwa, wakashinda tena. Kwa hiyo Dereva na kopo lake refu anakula sadini halali: yule wa Afrika Kusini naye ni Sardinops, binamu wa huyo wa Peru.

#7 PimaUbora
Nimekubali kwenye jina, ahsante kwa sahihisho. Ila DukaLaKona hakuuliza jina, ameuliza nyama. Na kwenye nyama bado nasimama pale pale: samaki tofauti, nyama tofauti.

#8 Mbongo_Matosinhos
Wakuu, mimi niko Ureno, na miaka mitatu nimefanya kazi kwenye kiwanda cha sadini hapa Matosinhos. Naomba niseme nilichokiona kwa macho yangu, maana mnazunguka samaki na mchuzi mkasahau mkono uliompanga.

Samaki anakuja asubuhi kutoka bandarini, hajagandishwa. Anakatwa kichwa na kutolewa matumbo kwa pamoja, mkono mmoja tu, wale kina mama wana kasi huwezi kuamini. Anakaa kidogo kwenye maji ya chumvi. Kisha anapangwa kwenye matreya ya waya, upande uliokatwa kichwa ukiwa chini, anaingia kwenye mvuke anapikwa. Hapo ndipo maji yake yanapotoka, yanadondoka chini. Anapoozwa, na sasa ndipo anaingia kwenye kopo akiwa amekauka na kushikana, mmoja anaelekea huku mwenzake kule ili wajae vizuri. Mafuta yanamiminwa, kopo linafungwa, linaenda kwenye mtungi mkubwa wa mvuke wa joto la karibu nyuzi 115 hadi 120. Ndiyo maana mifupa inaliwa: joto lile linaifanya kama chaki.

Njia nyingine, ambayo ni ya haraka na ya bei nafuu, samaki anawekwa kwenye kopo akiwa mbichi, anapikiwa humohumo, kopo linainamishwa maji yamwagike, ndipo mchuzi unatiwa. Maji hayaishi yote. Na kama alikuwa amegandishwa kwanza, nyama yake imeshapasuka ndani kwa ndani. Akipita kwenye ule mtungi hana cha kumshikilia.

Kwa hiyo mimi nasema tofauti yako ni kiwanda. Mpe kina mama wa hapa huyo dagaa papa wa pwani akiwa wa asubuhi, utamla na utasifu.

#9 Dereva_Tunduma
Mbongo umeeleza mpaka nimesikia harufu. Lakini Afrika Kusini nako samaki wao wakipungua wanaagiza waliogandishwa kutoka nje na kuwatia kwenye makopo yaleyale. Sijawahi kuhisi kopo hili limelainika kuliko lile. Hapo kwenye kugandisha nina shaka.

#10 Mbongo_Matosinhos
Shaka yako ina haki. Huenda sadini mnene anavumilia kugandishwa kuliko mdogo. Na mafuta yake pia: sadini aliyeshiba mafuta na aliyetoka kutaga ni kama samaki wawili. Huku watu wanamsubiri Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antonio tarehe 13 Lizaboni nzima inanuka moshi wa sadini. Wa kipindi cha baridi amekonda, mkavu.

#11 Shamsa_wa_Tanga
Kwa hiyo sasa tuna samaki, nyanya, kiwanda, barafu na msimu. DukaLaKona, mteja akikuuliza kesho mpe kiti kwanza 😄

#12 Mwana_wa_Bukavu
Jambo kwenu nyote, niko Bukavu. Sisi huku tuko na sadini ya kwetu na hakuna anayeitia kwenye mkebe. Sambaza ya Ziwa Kivu ni ukoo uleule wa sadini. Haikuwa ya Kivu toka mwanzo, waliitoa Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959 wakaitia huku, ikazaana. Tunaikaanga inakuwa kavu, tunakula na ugali ya muhogo, kichwa na mufupa na yote. Mkebe ya sadini tunanunua ya kutoka Moroko, ya safari na ya mwanafunzi wa bweni. Nikiweka yote mbili kwenye sahani, mimi nakula sambaza.

#13 Omena_Kwanza
Mwana wa Bukavu, hata sisi Kisumu tuna omena, na Mwanza wanaita dagaa, Uganda mukene. Sadini ndogo ya ziwa, sawasawa na sambaza yenu.

#14 KalamuNyekundu
Hapana, Omena_Kwanza. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola, huyo yuko upande wa kina ningu, si wa sadini hata kidogo. Dagaa wa Kigoma ndio jamaa wa sadini, wako aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, na huyo Limnothrissa ndiye sambaza wa Kivu. Ndiye pia aliyepelekwa Ziwa Kariba miaka ya 1967 na 1968, ambako wanamwita kapenta. Jina "dagaa" linataja udogo, halitaji ukoo. Dagaa mchele wa Unguja naye ni ukoo mwingine tena.

#15 Omena_Kwanza
Sawa mwalimu. Si sadini, lakini ni tamu kuliko hao wote wa mkebe, na hilo hakuna shirika la biashara litakaloniambia vingine.

#16 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Nakazia #14. Na ndugu zangu, hili ndilo linaloniuma. Tuna sadini ziwani, usiku wa giza ukisimama Kibirizi unaona taa za mitumbwi kama mji umeota majini. Tunaanika kwenye mchanga na kwenye chanja, mvua ikinyesha siku mbili mzigo unaoza, mama aliyekopa mtaji analia. Halafu naingia dukani nanunua sadini aliyetoka Atlantiki. Kwa nini hatuna kopo letu la dagaa wa Kigoma katika mafuta ya mawese? Nani ametuzuia?

#17 PimaUbora
Swali lako ni zito kuliko la mleta mada. Kwa ninavyoliona, kopo lenyewe ndilo ghali, mara nyingi lina gharama kuliko samaki aliye ndani. Bati linaagizwa, mtungi wa mvuke unataka umeme usiokatika, na kiwanda kinataka samaki kila siku. Ninyi mnavua kwenye giza, mwezi ukipevuka mnapumzika. Mashine na vibarua wafanye nini siku hizo?

#18 MamaLishe_Sinza
Mimi nadhani sababu ni nyingine: dagaa mkavu ana soko tayari. Mzigo wa dagaa wa Zanzibar unanunuliwa na Wakongo pale pale, pesa mkononi. Nani atasubiri kopo?

#19 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
Yote nimeyasikia. Bado naamini inawezekana. Hata chupa ya kioo, si lazima bati.

#20 Bi_Mkubwa_Mombasa
Wenzangu, salamu. Naona mwapendana na makopo, nami nina langu la kuuliza. Mwaka juzi nalifungua mkebe, nikamuwekea mjukuu wangu mkate, akatafuna kikasikika "kche". Nikamtoa mdomoni kitu kama kipande cha glasi, cheupe, chaona hadi upande wa pili, kikubwa kama punje ya mchele. Nilitetemeka. Nilirudisha dukani, mwenye duka akanambia mama huenda ni glasi ya nyumbani kwako. Tangu siku hiyo sijanunua tena. Je, kuna mwengine yalomfika?

#21 PimaUbora
Pole sana bibi, nimeelewa hofu yako. Karibu nina hakika haikuwa glasi. Inaitwa struviti. Nyama ya samaki ina magnesiamu na fosfati, na wakati mwingine ndani ya kopo lililopikwa vinakutana na amonia na kuota chembe ngumu zinazong'aa. Tumboni inayeyuka, haina sumu. Ikikutokea tena fanya hivi: tia ile chembe kwenye siki kidogo, weka kwenye moto mdogo dakika chache. Struviti itayeyuka ipotee. Glasi itabaki ilivyo, na hapo ndipo una haki ya kupeleka kopo kwa watu wa viwango. Mwenye duka alipaswa kukusikiliza, si kukurudishia lawama.

#22 Bi_Mkubwa_Mombasa
Shukrani mwanangu. Siki ninayo. Laiti ningalikuwa nimeiweka ile chembe.

#23 Mzanzibari_Muscat
Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat. Hapa sadini mbichi wanaitwa uma, na msimu ukifika wanaanikwa ufukweni mpaka wanakuwa kama kuni, halafu wanapewa ngamia na ng'ombe. Mara ya kwanza kuona ngamia anatafuna sadini nilisimama barabarani. Wazee wa hapa wanasema maziwa yanaongezeka.

Turudi kwenye makopo: mimi nanunua ya mafuta na nayaweka mwaka mzima kabla ya kula, nayageuza juu chini kila baada ya miezi michache. Nyama inanywa mafuta, inakuwa laini kwa namna nzuri. Wafaransa wanafanya hivyo, wanaandika mpaka mwaka wa uvuvi juu ya kopo. Kwa hiyo MamaLishe anasema muda unaharibu, mimi nasema muda unatengeneza. Inategemea kilichomo ndani.

#24 MamaLishe_Sinza
Si ndiyo nilichosema? Mafuta yanamtunza, nyanya inamla! Ahsante ndugu wa Muscat.

#25 Dereva_Tunduma
Dada Lishe, kopo refu. Bado nasubiri.

#26 Mtoto_wa_Mzee
Naomba niingize neno moja kwa wenye wazazi. Baba yangu ana gauti. Daktari alipomwambia apunguze nyama nyekundu, sisi kwa mapenzi tukawa tunamletea sadini kila jioni, tukiona samaki ni salama. Kidole cha mguu kikavimba hadi hawezi kuvaa sendo. Kumbe sadini ni kati ya vyakula vinavyopandisha asidi ya yuriki sana. Kwa mwingine ni chakula kizuri mno, mifupa ile ina kalsiamu, na zebaki yake ni ndogo kuliko ya jodari. Kwa mwenye gauti, muulizeni daktari kwanza.

#27 Shamsa_wa_Tanga
Pole kwa mzee. Hili nalipeleka kwa mjomba leo hii.

#28 DukaLaKona
Wakuu, nimewasoma wote na sikutaka kurudi mikono mitupu. Jana usiku nimefunga duka mapema, mimi na mke wangu tumefungua makopo matatu mezani: A, bapa la mafuta la Moroko. B, bapa la nyanya la Moroko, kampuni ileile ya A. C, la duara la nyanya la Thailand. Tukachuja mchuzi kwenye chujio la chai, tukasuuza samaki kwa maji ya uvuguvugu, tukawapanga kwenye sahani nyeupe ili tusijue kwa rangi. Mtoto wa kwanza akafumbwa macho.

A na B akashindwa kuvitofautisha kwa kugusa. Kwa ulimi alisema B "ana uchachu kidogo". C alimtambua kabla hajamweka mdomoni, kwa vidole tu. Nilipomfungua yule wa C kwa uma, mgongo ulitoka kama uzi na nyama ikabaki chembechembe. Wa A mgongo ulivunjika vipande vitatu, nyama ikaachana kama kurasa.

Nikasoma nyuma: A na B Sardina pilchardus, C imeandikwa Sardinella. Mizani ya dukani ilionyesha samaki wa A ni gramu 88, wa C gramu 91. Kwa hiyo kwa bei, C ana samaki wengi kwa pesa ndogo, hilo niwe mkweli.

#29 Dereva_Tunduma
B ni nyanya na hakulainika. Nimemaliza mimi.

#30 MamaLishe_Sinza
Hujamaliza. DukaLaKona, B imetengenezwa lini na C lini? Soma tarehe.

#31 DukaLaKona
B miezi mitano iliyopita. C miezi ishirini na sita.

#32 MamaLishe_Sinza
Haya.

#33 Mbongo_Matosinhos
Na B na C hazikutoka kiwanda kimoja wala njia moja. Jaribio ni zuri sana, hongera wewe na familia, lakini umebadilisha vitu vitatu kwa mara moja: samaki, kiwanda na umri. Ungepata Sardinella wa mafuta, kopo jipya, tungesogea.

#34 PimaUbora
Hata hivyo samaki wamegawanyika kwa ukoo wao: pilchardus huku, Sardinella kule. Mimi nalihesabu hilo.

#35 Mwana_wa_Bukavu
Mtu akaange na sambaza aiweke kwenye hiyo sahani iwe D.

#36 Kigoma_Mwisho_wa_Reli
D naituma mimi. Basi la Jumatano, kilo moja, wabichi waliokaangwa siku hiyohiyo. DukaLaKona nitumie namba faragha.

#37 Dereva_Tunduma
Mimi narudi Dar Ijumaa ya wiki ijayo. Naleta kopo refu mawili kutoka Zambia, nitayapitisha hapo Mbagala.

#38 DukaLaKona
Karibuni sana wakuu, meza ipo. Dereva, kabla hujanunua angalia tarehe, tafuta moja jipya na moja la zamani kadiri utakavyopata. Mama Lishe atakuwepo, ameshaniuliza duka liko mtaa gani.